Upasuaji wa uvimbe wa tezi ya pituitari kupitia puani na habari za chumbani: wanaume tuongee wazi

BabaMmoja (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeshauandika na kuufuta mara nne, leo naupandisha hivyo hivyo ulivyo, wenye makosa ya kuandika mnisamehe.

Nina miaka 38, nimeoa, tuna mtoto mmoja wa kike. Miezi 14 iliyopita nilitolewa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile tezi ndogo chini ya ubongo, walipitia puani. Kuhusu upasuaji wenyewe nilisoma vya kutosha ila kuhusu tendo la ndoa kabla na baada sikupata mwanaume mwenzangu hata mmoja aliyeeleza kwa lugha yetu bila kuzunguka, ndio maana naandika.

Ilianza taratibu mno. Wengi wakisikia tatizo la nguvu za kiume wanajua ni ile jogoo hapandi mtungi, unataka ila mwili unagoma. Mimi ilikuwa tofauti, nilikuwa SITAKI. Hamu ilikatika kabisa, wiki mbili zinapita sijawaza hata mara moja, mke wangu amelala pembeni namuona kama dada yangu, Mungu anisamehe. Asubuhi nikiamka hakuna kitu, ile hali ya kuamka umesimama ambayo mwanaume tangu balehe unaizoea ilipotea na wala sikugundua imepotea lini. Ndevu nilikuwa nanyoa kila baada ya siku mbili ikafika siku kumi ndio zinaonekana. Uchovu ule wa kukaa kitandani dakika 20 unajishawishi kusimama. Kichwa kinauma kwa mbele, nyuma ya macho, sio sana ila kila siku.

Mke wangu alivumilia mwaka. Baadae akaanza kukagua simu, halafu akaacha kukagua akawa kimya tu na huo ukimya ndio ulinimaliza. Aliamini nina mchepuko. Ningemwambia nini sasa, kwamba sina mtu ila wewe pia sikutaki? Nikanunua vidonge vya kusimamisha, mara moja vilifanya kazi nusu nusu, mara nyingine hakuna kabisa, kwa sababu vile vidonge vinasaidia damu iingie kwenye uume pale ambapo hamu tayari ipo, havileti hamu. Sikulijua hilo. Nikajua mimi ndio basi tena, nimeisha nikiwa na miaka 36.

Kilichoniokoa ni macho. Nilianza kugonga bega kwenye fremu za milango, nikitembea na watu wa pembeni nawapiga kikumbo, siku moja binti yangu amenikimbilia kwa upande wa kulia nikamkanyaga maana sikumuona kabisa, nikamuona tu baada ya kulia. Daktari wa macho wa kwanza alinipa miwani. Wa pili, mama mmoja daktari wa macho, alinikalisha kwenye mashine unatazama katikati halafu vitaa vinawaka huku na huku unabonyeza kitufe kila unapoona. Majibu yakatoka upande wa nje wa kila jicho mweusi tii. Akaangalia ile karatasi, akafunga mlango, akaniuliza taratibu: baba, na hamu ya tendo la ndoa ikoje?

Wakuu nililia pale pale. Nilikuwa nimeshaonana na madaktari watatu kwa ajili ya uchovu na kichwa, hakuna aliyeuliza hilo swali, na mimi sikusema.

Nitaendelea, mtoto anaamka.

Kijana_Mpole

Mkuu tuko pamoja endelea. Umenigusa mahali pabaya, hizo dalili mbili tatu ninazo na nina miaka 27 tu.

Mizizi_Asilia

Pole sana kaka. Ila hayo mambo ya kupasuliwa kichwa mengine ni kukimbilia, kuna dawa za miti zinarudisha nguvu ndani ya wiki, ni PM nikuelekeze.

BabaMmoja

Mizizi nakuheshimu na najua unasema kwa nia njema, ila nakujibu hapa hapa wazi ili na wengine wasome. Kile kitu kilikuwa kinaminya mishipa ya macho. Ningekaa nacho mwaka mwingine nanywa dawa za nguvu ningekuwa kipofu. Na nyingi ya hizo dawa zinazouzwa kwa jina la miti zikipimwa maabara hukutwa zimechanganywa kimya kimya na sildenafili, ile dawa ya hospitali ya kusimamisha, sasa mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akinywa hiyo presha inaweza kushuka ghafla akafa. Tafadhali usimtumie mtu PM kwenye huu uzi.

Naendelea. MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, ilionyesha uvimbe wa sentimita 2.6. Tezi yenyewe ina ukubwa kama punje ya njegere, iko chini ya ubongo nyuma kabisa ya pua, imekaa kwenye kishimo cha mfupa, na juu yake kidogo ndio inapita njia panda ya mishipa ya macho. Uvimbe ukikua mara nyingi unaelekea juu, unaisukuma ile njia panda, ndio maana unapoteza kuona pembeni kwanza. Karibu zote sio kansa, hilo waliniambia mapema nikashusha pumzi.

Na hamu inaingiaje hapo? Hiyo tezi ndiyo inayotuma amri kwenye korodani. Inatoa homoni mbili, LH na FSH. LH inaziambia korodani zitengeneze testosteroni, homoni ya kiume, FSH inasukuma utengenezaji wa mbegu. Tezi ikiminywa amri hazitoki, korodani ziko nzima kabisa hazina ugonjwa ila zimekaa zinasubiri amri ambayo haiji. Testosteroni yangu ilikuwa 110 kwa kipimo cha nanogramu kwa desilita, wakati maabara nyingi mwanaume mzima anaanzia karibu na 300. LH iko chini chini. Siku nilipoelewa hivyo nikamwambia mke wangu, nikamchorea kwenye karatasi, tezi hapa korodani hapa, waya umekatika hapa katikati. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, akasema kwa hiyo sio mimi. Nikamwambia sio wewe na hakuna mwingine. Ile karatasi bado anayo.

jicho_la_kaa

Samahani kaka swali. Mimi nilikutwa na uvimbe hapo hapo, sentimita 1.8, ila sikupasuliwa, nilipewa vidonge vya kabagolini tu na ukanywea. Kwanini wewe wakakimbilia kisu?

BabaMmoja

Swali zuri sana na nililiuliza hilo hilo. Wewe bila shaka ni ule uvimbe unaotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo hata sisi wanaume tunayo kidogo. Ukiwa nayo nyingi inazima amri ya ubongo kwa tezi, testosteroni inaanguka, hamu inakwisha. Aina hiyo dawa ndio chaguo la kwanza na wengi haiwafikishi kwa daktari wa upasuaji.

Wangu haukuwa unatengeneza chochote. Prolaktini yangu ilikuwa imepanda kidogo, 52, wakati mwanaume kawaida anaishia 15 hadi 20 hivi. Daktari wa homoni akasema kwa uvimbe mkubwa namna hii kama ungekuwa ndio wenye kutengeneza, tungeona mamia au maelfu. 52 inakuja kwa sababu ubongo huwa unatuma dopamini kupitia kikonyo cha tezi kama breki ya prolaktini, uvimbe ukibana kikonyo breki inalegea. Alirudisha damu maabara waizimue mara nyingi zaidi maana prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi kipimo kinaweza kuchanganyikiwa na kuonyesha ndogo. Ikarudi ile ile. Kwa hiyo dawa isingeunyweza wangu, na macho yalikuwa yanaondoka.

Ndio maana nasema jamani kabla mtu hajakubali kisu aulize prolaktini yake ni ngapi na imepimwaje.

jicho_la_kaa

Nimekuelewa kaka. Sasa na mimi niweke langu maana nimeona uzi una watu wa maana. Yangu ilikuwa 960. Kabagolini nilianza nusu ya kidonge cha miligramu 0.5 mara mbili kwa wiki, nakunywa usiku na chakula maana mchana kizunguzungu na kichefuchefu. Baada ya miezi kama mitatu hamu ikarudi, nikashukuru. Ila ilirudi ikapitiliza, nikawa sina kiasi, mke anachoka, nikaanza kuangalia picha chafu kazini, na kitu kibaya zaidi nikaanza kubeti, mimi ambaye sijawahi kubeti maishani, nikala pesa ya ada. Nilijua ni tabia yangu mbaya imetoka sasa nimepona. Kumbe ni hiyo dawa, kwa baadhi ya watu inalegeza ile breki ya kujizuia. Aliyegundua ni dada yangu, alisoma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Daktari akabadilisha mpango, ndani ya wiki chache nikawa mtu wa kawaida. Kama unaitumia mwambie mtu mmoja nyumbani akutazame, wewe mwenyewe hutajiona.

Nesi_wa_Homoni

Jicho la kaa asante kwa kusema hilo, kliniki huwa tunauliza na wanaume wanakataa kwa aibu.

Nafanya kazi kliniki ya homoni, naomba niongeze vitu viwili vitatu. Testosteroni ipimwe asubuhi, saa mbili hadi saa nne, kabla ya kula ni bora zaidi, na ikitoka chini irudiwe siku nyingine, maana mchana inashuka yenyewe na ukiwa umeumwa malaria au homa yoyote inashuka pia. Usihukumiwe kwa kipimo kimoja cha saa tisa alasiri. Ikiwa chini basi pimeni na LH, FSH na prolaktini pamoja. Kuna dawa pia zinapandisha prolaktini bila uvimbe wowote, baadhi za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni, na ile metoklopramidi ya kutapika, kwa hiyo mwambie daktari kila unachomeza, ila usiache dawa ya akili kwa kujiamulia.

Na mwanaume mwenye hamu iliyokata, ndevu zimepungua, matiti yanajaa au yanatoa maji maji, asiishie kupewa vidonge vya kusimamisha tu. Huyo apimwe.

Kijana_Mpole

Nesi hiyo ya matiti. Nikiminya inatoka kama maziwa. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nilijua nikisema watu watasema mimi sio mwanaume kamili.

Nesi_wa_Homoni

Mdogo wangu, umesema hapa na hakuna aliyecheka. Kesho nenda kapime hivyo nilivyotaja na uache kuminya, kuminya kwenyewe kunapandisha. Macho yako vipi, unaona pembeni vizuri?

Kijana_Mpole

Macho naona fresh. Nitaenda.

BabaMmoja

Dogo nenda kweli na urudi utuambie, nitakukumbusha.

Sasa upasuaji. Walikuwa wawili, daktari wa pua na wa ubongo, wanaingiza kamera nyembamba puani, wanatoboa mfupa kwa nyuma, wanakwangua uvimbe vipande vipande, halafu wanaziba kwa kinyama kidogo walichotoa pajani. Nje huna kidonda cha kuonekana usoni. Hii njia ya puani sio ya jana, ilifanyika mara ya kwanza mwaka 1907 Austria na Hermann Schloffer, kilichobadilika ni vifaa. Nilipigwa nusu kaputi asubuhi, nikakaa ndani masaa matatu na nusu hivi, nikaamka pua imezibwa napumua kwa mdomo, koo kavu kama mchanga.

Kesho yake asubuhi nikiwa nimelala chali niliona mlango wa wodi bila kugeuza kichwa. Nikaita nesi nikamwambia nauona mlango. Akadhani nimechanganyikiwa.

Baada ya hapo kuna masharti, na haya yanahusu chumbani moja kwa moja. Hakuna kupenga kamasi, ukipiga chafya fungua mdomo, hakuna kuinama wala kubeba kizito, hakuna kujikamua chooni, kwa sababu presha yoyote kichwani inaweza kufumua pale walipoziba na maji ya ubongo yakavuja. Ukiona maji meupe kama ya bomba yanadondoka puani hasa ukiinama, na nyuma ya koo unasikia chumvi chumvi, rudi hospitali siku hiyo hiyo, ukichelewa unaweza kupata homa ya uti wa mgongo. Na tendo la ndoa ni kazi ya presha, mapigo yanapanda unabana pumzi. Niliona aibu kumuuliza daktari, mke wangu ndiye aliuliza, wazi kabisa, mbele ya wanafunzi wake. Akasema wiki sita na mkianza mwanaume asiwe ndiye anayefanya kazi. Wengine wanapewa wiki nne, inategemea kama kulikuwa na kuvuja, kwa hiyo uliza daktari wako.

Nyumbani siku ya nane nikaanza kichefuchefu, kichwa, naongea vitu havieleweki. Chumvi ya damu, sodiamu, imeshuka 124 wakati inatakiwa kuanzia 135. Nikarudishwa, wakanibania maji ya kunywa, siku tatu ikapanda. Hii hutokea kwa baadhi yetu wiki ya kwanza hadi ya pili, wakati wewe unajiona umeshapona, kwa hiyo ukiambiwa urudi kupima sodiamu usipuuze. Kuna wengine inakuwa kinyume, wanakojoa lita na lita na kiu haiishi, wanapewa desmopresini, dawa ya kupunguza huo mkojo.

mama_wawili

Naomba kuchangia kama mke. Mume wangu alipasuliwa miaka mitatu iliyopita. Kaka umesema mkeo alidhani una mchepuko, mimi nilienda mbali zaidi, nilishahama chumba, na nilishawaambia shemeji zangu. Nilipoambiwa ni uvimbe nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilitaka mambo yarudi haraka ili nimlipe, nikawa namshinikiza bila kujua. Wiki ya saba nimejipamba nimeandaa kila kitu, hakuna kilichofanyika, yeye akageukia ukutani. Tulikaa miezi hatugusani kwa sababu kila mguso ulikuwa kama mtihani.

Kilichotusaidia ni kukubaliana kwamba tunalala tumekumbatiana na hakuna kitakachofuata. Hakuna kabisa, hata kikitaka kufuata. Hiyo ilimtoa ule woga. Homoni zilikuja baadae lakini woga ulishatoka.

Na dada zangu mnaouguza, kama mume anatumia haidrokotisoni kwa sababu tezi haitoi amri ya kotisoli, homoni inayosaidia mwili kuhimili ugonjwa, mjue yeye akipata homa dozi inaongezwa mara mbili au tatu kama daktari alivyowaelekeza, akitapika hawezi kuweka kidonge basi ni sindano na hospitali papo hapo, sio kesho. Asiache ghafla hata siku moja. Wangu alizimia mikononi mwangu kwa kutojua hilo.

BabaMmoja

Dada mama wawili, nimemsomea mke wangu hiyo ya "hakuna kitakachofuata", amenyamaza halafu kasema mwambie asante.

Maana sisi tulikosea hapo hapo. Mimi nilidhani wakitoa uvimbe waya unaunganika, wiki ya tisa nikajaribu, sifuri. Mwezi wa tatu nikapima, testosteroni 130. Macho yamerudi karibu yote, kichwa hakiumi, watu wote wananipongeza umepona, na mimi usiku nakaa sebuleni. Daktari wa upasuaji anaangalia MRI anasema safi sana, na kwake ni kweli, kazi yake imekwisha. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba kutoa uvimbe ni kitu kimoja na tezi kuamka ni kitu kingine. Kwa wengine inaamka, inaweza kuchukua miezi. Kwa wengine ilishabanwa muda mrefu haiamki tena, unaishi na homoni za kuwekewa. Ningeambiwa hilo kabla nisingekaa ile miezi mitatu najiona nimefeli hata kupona.

Sasa hapa wakuu wanaotaka watoto wasome mara mbili. Mwezi wa tano niliandikiwa sindano za testosteroni. Nimeshakaa kwenye benchi la sindano, mke wangu akauliza, na mtoto wa pili? Yule daktari kijana akasimama. Alikuwa hajatuuliza na sisi hatukusema. Testosteroni ya kuingizwa kutoka nje inarudisha hamu, nguvu, ndevu, mifupa, lakini korodani zinazidi kulala na mbegu zinapungua hadi kuisha, kwa sababu ubongo ukiona testosteroni ipo hautumi amri yoyote iliyobaki. Mtu anayetafuta mtoto njia yake ni nyingine, anachomwa hCG ambayo inafanya kazi kama LH, korodani zinaamshwa zitengeneze zenyewe, na baadae ikibidi inaongezwa FSH kwa ajili ya mbegu.

Nilijifunza kujichoma tumboni mwenyewe, mara tatu kwa wiki. Wiki ya sita nikaamka alfajiri na ile hali. Sikusogea. Nililala pale nasikiliza feni nikiogopa nikigeuka itapotea.

mkazi_wa_zamani

Kaka swali la aibu, je ladha yenyewe imerudi kama zamani? Mimi ni mwaka wa pili natumia jeli ya testosteroni, hamu ipo, ila kusimama bado sio imara.

BabaMmoja

Mkuu hapa hakuna la aibu. Mimi niseme ukweli, hamu ilirudi kabla ya uimara. Zilipishana kama miezi miwili. Na shahawa mwanzo zilikuwa kidogo mno, zikaongezeka taratibu. Nesi msaidie huyu.

Nesi_wa_Homoni

Mkazi, hamu na kusimama zinakaa nyumba moja ila vyumba tofauti. Testosteroni ikishakuwa sawa na kusimama bado kunasumbua ndio wakati ambao sildenafili au tadalafili huwa zinafanya kazi vizuri, maana sasa hamu ipo ya kuziitikia. Isipokuwa kama unatumia naitreti za moyo, hapo hapana. Pimwa na sukari, presha, mafuta kwenye damu, maana uume una mishipa midogo na huwa wa kwanza kulalamika. Angalia pia dawa za presha au za msongo unazotumia. Kwenye jeli, osha mikono na funika ulipopaka, watoto na mke wasiguse ngozi hiyo. Na damu yako ipimwe wingi wa chembe nyekundu, ikizidi asilimia 54 dozi inasimamishwa, na wenye miaka 40 kwenda juu waangaliwe na tezi dume.

Kwa aliyefanyiwa mionzi baada ya upasuaji, tezi inaweza kuchoka polepole miaka kadhaa baadae hata kama leo vipimo viko sawa. Usiache kliniki.

mkazi_wa_zamani

Asante dada nesi. Miaka miwili nimekaa na hilo swali.

Mizizi_Asilia

Kaka BabaMmoja nimesoma uzi wote. Nina kaka yangu naye siku hizi anagonga milango na mke kaondoka. Nilikuwa nimempa dawa zangu. Anaanzia wapi?

BabaMmoja

Ndugu yangu, aanzie kwa daktari wa macho, kile kipimo cha vitaa, wiki hii. Na asubuhi moja apime testosteroni, LH, FSH, prolaktini, kotisoli na homoni za tezi ya shingo (thairoidi). Dawa zako asimamishe kwanza hadi majibu yatoke. Na mkewe kama bado anapokea simu mpigie wewe, umwambie anakwenda kupimwa kichwa. Mengine watayazungumza wenyewe.

Kijana_Mpole

Wakuu nimerudi, ni siku ya 19 toka nilipoandika. Prolaktini 1,840. Testosteroni 95. MRI uvimbe sentimita 2.1. Macho wamesema bado hayajaguswa. Daktari kasema dawa kwanza, hakuna kisu. Nimepewa kabagolini, ya kwanza nakunywa leo usiku. Nimemwambia mama. Nilidhani atalia, kauliza tu inanywewa saa ngapi.

jicho_la_kaa

Dogo kunywa umekula, panda kitandani hapo hapo, ukiamka usisimame ghafla kaa kwanza. Na mpe mama au mtu mwingine ile kazi ya kukutazama, kubeti, matumizi, simu, mwambie wazi anaangalia nini. Kichwa kikiuma ghafla kupita kawaida, macho yakififia, au maji yakaanza kutoka puani, hospitali. Inatokea mara chache uvimbe ukinywea haraka.

Kijana_Mpole

Nimeandika yote. Na je nitaweza kuja kuzaa?

Nesi_wa_Homoni

Kwa aina yako prolaktini ikishuka tezi nyingi zinaamka zenyewe, kwa hiyo hawakukimbilia testosteroni na wamefanya sawa. Mbegu moja kutengenezwa inachukua kama siku 74, usipime mbegu mwezi ujao ukakata tamaa. Prolaktini utarudia kupima baada ya wiki chache, tarehe watakupa.

BabaMmoja

Dogo mimi mwezi wa nne wa hCG testosteroni ilikaa sawa lakini mbegu sifuri, wakaongeza FSH. Mwezi wa saba bado sifuri, nilitaka kuacha. Wiki iliyopita wameniita, milioni 4 kwa mililita. Kiwango cha chini cha kawaida ni 16, bado niko chini, ila daktari kasema kwa watu wa aina yangu mimba huwa zinaingia hata kwa namba ndogo hivyo, tuendelee tu. Mke wangu kaiweka karatasi ya majibu pamoja na ile niliyomchorea.

Ukishameza hiyo ya leo niandikie hapa, hata kama ni usiku, niko macho.

Kijana_Mpole

Nimemeza. Saa tatu na dakika kumi. Nimelala chali kama alivyosema jicho.